Ndara za Chooni

Haya yalimkuta rafiki yangu Chizuru, anayewafundisha wasafiri kuchora nyuso za vidoli vya mbao huko Naruko. Siku hiyo theluji iliwafungia ndani wageni sita, na wawili kati yao walishakanyaga mikeka yake na ndara za chooni. Akawafokea.

"Ndara za chooni zinabaki chooni. Kwani kwenu mnakula msalani?"

Bwana Bessho, mzee wa Osaka, akainamisha kichwa akaomba radhi kwa niaba ya wote.

Alasiri umeme ukakatika. Theluji ilikuwa imeziba madirisha, chumba kikawa giza totoro. Nyuma yake Chizuru akasikia ndara zikiburutwa juu ya mkeka, shwa, shwa.

Damu ikamchemka. "Wewe hata haya huna? Vua."

Mburuzo ukakoma. Ndara moja ikawekwa chini, kisha ya pili, taratibu.

"Mwalimu," akasema Bwana Bessho huku akiwasha tochi ya simu, "unamfokea nani? Sote sita tuko mbele yako."

Chizuru akageuka. Ndara za chooni zilikuwa zimepangwa sawasawa mkekani, na hapakuwa na mtu. Kisha hatua za miguu mitupu zikaanza kumsogelea.