Aliyekikalia Kwanza

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote ya harusi. Mpiga picha wa mtaani kwetu, ambaye sote tulimwita Cheka kwa sababu ya ile kauli yake ya "cheka kidogo, usinikunjie uso," alikuwa akipanga betri mezani huku mkewe akimlisha uji binti yao. Cheka hakuwa na studio. Aliishi kwa kuitwa: leo harusi, kesho mahafali, keshokutwa msiba. Mkewe ndiye aliyemshikia taa.

Na ndiye aliyempimia mwanga. Kila walipofika ukumbini, kabla maharusi hawajaingia, mke alikaa kwenye kiti cha bibi harusi, mume akapiga picha mbili tatu, wakarekebisha taa. Bibi harusi akija anakuta kila kitu tayari. Kiunoni mkewe alichomeka kitambaa laini cha manjano cha kufutia lenzi, na alipoona bibi harusi anatoka jasho alimfuta nacho kipaji cha uso kwa upole, kama anayemfuta mtoto aliyetoka usingizini. Wako wanawake ambao siku ya harusi yao hawakumbuki kitu vizuri kama kile kitambaa.

"Mteja wa leo nani?" mkewe akauliza.

"Shangazi yake bibi harusi. Mama ana maneno matamu huyo! Kaniuliza, 'Utakuja na yule dada anayekaa kwenye kiti?' Nikamwambia yule ni mke wangu. Akasema, 'Ah, afadhali zaidi.'"

"Umeona? Anayeitwa ni mimi. Wewe mbeba kamera tu."

Mama yake Cheka, bibi wa mtoto, alicheka mpaka akashika mbavu. Mtoto akabaki naye. Mkewe alimbusu, akafika mlangoni, akarudi, akambusu tena.

Ukumbini shangazi aliwapokea kama ndugu waliopotea. Alimtua mke wa Cheka stendi ya taa kwa mikono yake mwenyewe. Akamletea chai. Akamuuliza kama amemwacha mtoto salama, na mtoto wa kike au wa kiume, na anaitwa nani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akimshika mkono bila kuuachia.

Jukwaani palikuwa na viti viwili vya mahameli nyekundu. Kimoja kilifunikwa shuka jeupe. Wapambaji walikuwa wameweka maua kila mahali, ila kuzunguka kile kiti palikuwa patupu, kama pamefagiliwa. Shangazi alilivuta shuka kwa ncha za vidole. Kisha akavifuta vidole vyake kwenye nguo, kimoja kimoja.

"Haya mwanangu, kaa. Mpime mwanga wenu."

Mkewe akakaa. Cheka akapiga.

"Umefumba macho."

"Sijafumba."

Akapiga tena. Yamefumba.

"Mama, acha utani, watu wanakuja."

"Nakutazama wewe, mume wangu. Hata kupepesa sijapepesa."

Na kweli, alipomtazama hivi hivi, macho yalikuwa wazi yakimcheka. Kwenye kioo cha kamera yalikuwa yamefumba. Picha ya tatu, kichwa kimelalia bega. Picha ya nne, taya lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cheupe.

Mkewe hakuwa na kitambaa cheupe.

"Inatosha," shangazi alisema taratibu. "Asante, mwanangu. Asante sana."

Nyuma yake mama wa bibi harusi alikuwa analia. Cheka alidhani ni furaha.

Bibi harusi alikuja, akakaa kiti kile kile, na picha zake zikatoka safi, macho makubwa kama ya ndama. Mkewe alishika taa, lakini taa ilikuwa inatetemeka. Alisema anasikia baridi, na nje jua lilikuwa kali. Shangazi akamshika kiuno kabla hajaanguka.

"Amechoka tu. Niachie mimi. Baba, wewe piga kazi."

Akamlaza kwenye chumba cha nyuma, juu ya benchi. Akamvua viatu akavipanga vizuri ukutani. Akamfunika lile shuka jeupe mpaka kifuani. Mtu angesema hakuna mama mwema kama yule.

Cheka akaendelea na kazi. Keki, akapiga. Wazee, akapiga. Kila alipopata nafasi alichungulia kule nyuma, na kila alipochungulia shuka lilikuwa limepanda. Kifuani. Shingoni. Kidevuni. Mkewe alikuwa anapumua, lakini hakuamka kwa kuitwa wala kwa kutikiswa.

"Namkimbiza hospitali," alisema.

Mwanamke aliyekuwa akiosha vyombo pale uani alimshika shati kwa mkono wenye povu. Alinong'ona bila kuinua macho kutoka kwenye beseni.

"Hakuna dawa huko, kaka yangu. Mabinti wawili wa nyumba hii wameshafia kwenye kile kiti, na mashela yao kichwani. Kila harusi ya hapa lazima kikaliwe, na anayekikalia kwanza ndiye wake. Shangazi ametafuta sana mtu wa kukikalia."

"Mke wangu nitampataje?"

"Humpati. Unambadilisha. Kalisha mwingine, umpige picha mpaka macho yafumbe humo. Jua likizama imekwisha." Akasuuza sahani ile ile mara ya pili. "Nilitaka kumwambia asikae. Niliogopa. Nisamehe."

Ukumbi mzima ulikuwa umetoka kwenda kucheza uwanjani. Jukwaa lilikuwa tupu. Dirishani jua lilikuwa limeshuka, rangi ya chungwa.

Akasikia vishindo vya miguu midogo.

Kitoto cha kushika maua, gauni limechafuka keki, kilikuwa kinapanda kile kiti kwa magoti. Kikakaa. Kikaweka mikono mapajani kama kilivyomwona bibi harusi.

"Anko, na mimi nipige!"

Cheka aliinua kamera. Mlangoni alisimama shangazi. Hakumzuia. Alimtazama tu, kwa ile sura ya mtu anayetaka kujua mwenzake ni mtu wa namna gani.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Nicheke?" mtoto akauliza.

Cheka akashusha kamera. Akamnyanyua mtoto kitini, akamfuta keki mdomoni kwa mkono wake. "Nenda kwa mama, mpenzi. Kamera ya anko imeharibika."

Shangazi akatikisa kichwa kwa huruma. "Una roho nzuri, baba," alisema. "Pole."

Jua likazama. Alipofika chumba cha nyuma, shuka lilikuwa limefika usoni.

Walimzika na kitambaa chake cha manjano. Cheka mwenyewe alikiweka kwenye kiganja cha kulia na kukunja vidole juu yake. Na tangu siku hiyo, picha yao ya ukutani, mkewe amempakata mtoto mchanga, ikamwonyesha amefumba macho. Cheka hakuthubutu kuishusha.

Miezi ilipita. Mchana mmoja alirudi kutoka kwenye mahafali, akamkuta mama yake anapepeta mchele barazani.

"Kuna watu wamemletea mtoto zawadi," mama yake alisema. "Watu wema! Nimeiweka sebuleni."

Simu ikaita mfukoni.

"Baba, hujambo?" Ile sauti. Tamu vile vile. "Mdogo wake bibi harusi naye anaolewa. Usijali kuja, tumepata mpiga picha mwingine. Tumekuletea kiti tu. Mtoto akichezee kidogo, kesho tutakuja kukichukua."

Alikimbia.

Mahameli nyekundu, katikati ya sebule. Binti yake alikuwa juu yake. Amekaa. Mikono mapajani.

Cheka alipiga kelele ambayo mtaa mzima tuliisikia. Alimnyakua. Alimtikisa. Alimtazama macho.

Yalikuwa wazi. Mtoto akamcheka.

Akampiga picha kwa simu. Macho wazi. Akapiga tena. Wazi. Akapiga mpaka mtoto akachoka akaanza kulia, na hata machozini macho yalikuwa wazi.

Ndipo alipoinua uso ukutani. Kwenye picha, mkewe alikuwa amefumbua macho. Hakuwa anatazama kamera. Alikuwa anatazama kiti.

Cheka alishika mahameli. Ilikuwa na joto, na katikati imebonyea, shimo pana la mtu mzima, si la mtoto yule. Na juu yake, kimekunjwa vizuri, kina udongo mbichi kwenye pindo, palikuwa na kitambaa cha manjano.