Mwenye Nyumba ya Tangi la Bluu

Bandiko lile liliwekwa saa tatu na dakika kumi asubuhi kwa jina la Jicho, na wakati huo Jicho mwenyewe alikuwa nje, akiondoa theluji mlangoni kwa koleo huku akiulaani mgongo wake.

Jicho lilikuwa jina lake kwenye jukwaa la mtandaoni. Jina alilopewa na mama yake ni Zenon Pietrzak, mstaafu wa kiwanda cha magari, miaka sitini na mmoja, mkazi wa Hamtramck, Michigan, tangu azaliwe. Jukwaa lenyewe lilikuwa na watu mia mbili hivi, na mazungumzo yao yalikuwa mawili tu: vita vya dunia nzima, na vyombo vya nyumbani vinavyowatia wazimu. Uzi mmoja ulikuwa wa vifaru vilivyozama kwenye matope, unaofuata wa printa inayodai wino na wino umo. Zenon alikuwa bingwa wa yote mawili. Printa yako ikigoma alikuelekeza mpaka ikatii, na kama kuna kipuri kimevunjika alikutumia kwa posta, bure. Na ukimwekea picha kutoka vitani ukauliza, "Hapa ni wapi?", alitazama umbo la mlima, nguzo za umeme na kivuli cha mnara, na kahawa yake haikupoa kabla hajakuwekea alama kwenye ramani.

Aliingia ndani, akavua glavu, akashika simu.

"Oya Jicho, leo umetuletea mtihani wewe mwenyewe!" alikuwa ameandika Sajini. Sajini huyo hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja. Alikuwa fundi bomba wa Duluth aitwaye Rodney.

Juu ya maneno hayo palikuwa na picha. Pazia lenye majogoo mekundu, sinki, sahani ya paczki, yale maandazi ya Kipolandi, iliyofunikwa kwa taulo. Chini yake: Hapa ni wapi?

Zenon aliinua macho. Pazia lenye majogoo lilikuwa mbele yake, na sahani pia.

"Dorota," aliita. "Umegusa kompyuta yangu?"

"Mimi na kompyuta yako tunajuana wapi?" mkewe alijibu kutoka sebuleni. "Nimepanga foleni ya paczki tangu alfajiri, na leo ni siku yangu ya mapumziko. Niache."

Aliitazama tena picha. Ilikuwa imepigwa kutoka juu, pale ukuta unapokutana na dari. Hapakuwa na kamera pale. Palikuwa na utando wa buibui tu.

Alibadilisha neno la siri, akalibadilisha tena. Alizima kile kisanduku cha intaneti, akahesabu mpaka thelathini, akakiwasha, kama alivyozoea kuwaagiza watu wazima waliokuwa wakimlilia. Taa za kijani zikarudi, na picha ya pili ikaja nazo: mgongo wa Dorota kwenye kochi, nywele zake zimebanwa kwa kibanio cha njano. Kwenye dirisha nyuma yake kulionekana mnara wa kanisa.

"Mnara huo!" aliandika mmoja. "Majira ya baridi, nyumba za mbao zimebanana. Nasema Michigan."

"Michigan kabisa," akadakia Sajini. "Na hiyo sahani ni ya paczki. Jamani, hii ni Hamtramck, nakula kiapo."

Zenon aliandika: Acheni, hiyo ni nyumba yangu. Ujumbe haukwenda. Akaandika tena; skrini ikajibu, ujumbe umeshindikana kutumwa, tafadhali jaribu baadaye. Alijaribu kwa simu, kwa kompyuta, kwa simu ya Dorota, na kila mara yale maneno ya adabu yalirudi, tafadhali, tafadhali, huku picha zikiongezeka, ngazi, kizingiti, namba ya mlango iliyofichwa nusu na theluji. Kila picha iliposhuka alisikia ndani ya kuta mkwaruzo mdogo, kama wa mtu anayepapasa gizani akitafuta kitasa.

Akampigia Rodney.

"Rodney, futa huo uzi. Si mimi ninayeweka hizo picha."

"Mkuu, umeanza kuogopa kushindwa?" Rodney alicheka. "Si ndio mchezo wako huu? Tumebakiza mtaa tu."

"Sikiliza, kuna mtu humu ndani..."

"Subiri, subiri! Ah, nimezidiwa! Kuna jamaa ameweka alama. Dakika thelathini na nane. Mtaa, namba, kila kitu. Kweli umetufundisha, mzee."

Mkwaruzo ukutani ulikuwa umekoma, na mlango wa nyuma, ambao yeye mwenyewe aliupiga komeo kwa sababu ya upepo, ulifunguka taratibu na kuingiza harufu. Haikuwa harufu ya Februari. Ilikuwa harufu ya mkate ulioungulia ndani ya tanuri la udongo, na vumbi la chokaa, na chini ya hayo mawili kitu kingine kitamu na kizito ambacho pua iliking'amua kabla ya akili, akili ikakataa kukipa jina. Kila ubao wa sakafu ulilia kwa zamu yake, kutoka mlangoni mpaka katikati ya jiko, na zilikuwa hatua za mtu asiye na haraka, mtu aliyetembea safari ndefu mno akafika.

Dorota alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha sebule, mkono mdomoni.

"Zenon," alinong'ona. "Umemleta nani?"

Kile kispika cha jikoni, ambacho kazi yake ilikuwa kuwatajia hali ya hewa, kilianza kusema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, katika lugha ambayo wao hawakuijua, ila walikuwa wameisikia miaka ishirini ng'ambo ya uzio wao. Dorota alichomoa waya wake. Sauti iliendelea. Basi akatoka mbio bila koti akamwita Bi Samiha.

Bi Samiha alikuwa mjane wa Kiyemeni, na nyumba yake na yao zilitenganishwa na uzio mmoja. Watoto wa mtaa wakilia bila sababu, mama zao humpelekea awasomee. Alivuka kizingiti, akanusa, akarudi nyuma hatua moja, akasoma kimoyomoyo kabla ya kuingia tena.

"Huyu si wa hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Shoga yangu, kaa karibu nami. Wewe Zenon, kaa pale kwenye kiti na usiseme neno mpaka nikuambie."

Aliongea na kile kispika kwa upole, kama mtu anavyoongea na mgeni mwenye msiba. Sauti ikamjibu. Bi Samiha alisikiliza, na kila alivyozidi kusikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

"Anasema aliishi katika nyumba moja mlimani, nyumba yenye tangi la bluu juu ya paa. Miaka mia mbili aliishi chini ya kizingiti chake. Alikuwa akiwatikisia watoto susu usiku, na mama zao wakidhani ni upepo. Novemba moto ulishuka kutoka juu. Walikuwemo watu saba. Anasema aliutafuta mkono ulioonyesha. Akaingia kwenye nyaya, akapotea humo miezi mitatu katika kelele za watu wanaobishana. Njia ya kufikia hapa hakuijua. Leo rafiki zake Zenon wamemwelekeza."

"Mkono gani?" Dorota aliuliza. "Zenon, anasema nini huyu?"

Zenon aliitazama meza.

"Ilikuwa picha tu," alisema. "Mpiganaji amesimama uani. Waliuliza ni wapi, nikawaambia. Watu wote wanafanya hivyo. Huwezi kujua nani anasoma."

Kispika kilisema jambo fupi.

"Anasema kuna aliyekuandikia," alitafsiri Bi Samiha. "Siku hiyo hiyo. Alikuambia mpiganaji yule aliomba maji tu akaenda zake, na ndani mna familia. Alikuomba uiondoe ile alama. Moto ulishuka saa moja baadaye."

Jiko lilikuwa limepata joto. Theluji kwenye viatu vya Zenon ilikuwa imeyeyuka, na maji yake yalikuwa yakifuka mvuke sakafuni.

"Uliiondoa?" Dorota aliuliza.

"Niliufuta ujumbe," alisema. "Nilidhani ni mmoja wa wale wabishi. Dorota, kwa siku mimi napata ujumbe hamsini."

"Na moto uliposhuka?"

Skrini ya kompyuta ilijiwasha, ikafungua uzi wa Novemba, na mwanga wake ukamwangukia Dorota usoni. Alisoma mwenyewe. Picha ya kifusi. Chini yake: Jicho halikosei! Chini yake tena: Hodari wetu, mnunulieni bia. Halafu nyuso za vicheko, safu kwa safu, na miongoni mwazo wa mumewe, anacheka pamoja nao.

Bi Samiha aliuliza swali ambalo waganga wote huuliza. Unataka nini uondoke? Jibu lilikuwa refu, na alipolimaliza kulisikia aliinuka akakusanya shela yake.

"Hilo silitafsiri."

"Bi Samiha, nakusihi," Zenon alisema. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni. "Ananibana kifua. Anataka nini?"

"Anataka uwaponze wengine. Usimjibu."

"Niambie!"

Yule mama alimtazama Dorota, kisha akasema kwa hasira, kama anayetema, "Anawataka waliocheka. Anasema wewe unajua wanakokaa. Ukimwelekeza atakuacha. Lakini akifika akakuta nyumba tupu, atarudi kwako, na akirudi hatazungumza tena na mtu. Nimemaliza. Zenon, ukimwelekeza, mimi si jirani yako."

Ndipo kispika kilipobadilika. Sasa kilisema kwa sauti ya Zenon mwenyewe, ile sauti yake ya uchangamfu ya kuelekeza watu, yenye kikohozi chake cha sigara: "Hapa ni wapi?" Na kwenye skrini jina la Sajini likang'aa.

Pengine mtu mwingine angekaa kimya. Zenon alivuta droo, akatoa daftari alimokuwa akiandika alikotuma vipuri pamoja na namba za simu, na kwa mdomo uliokauka, huku kidole kikifuata mstari, alisoma mtaa wa Rodney kule Duluth na namba ya nyumba. "Hapa ni wapi?" Akasoma wa pili, mwalimu wa Saskatoon. "Hapa ni wapi?" Akasoma wa tatu, Tulsa, na huyu alimwongezea bila kuulizwa kwamba mlango wake ni ule wa upande wa gereji, maana alitaka sana kuaminiwa, alitaka lile joto liondoke kifuani mwake, na kadiri alivyosoma ndivyo lilivyopungua, mpaka sauti yake ikawa karibu na ya furaha.

Mlango wa nyuma ulijifunga. Harufu ikatoweka. Bi Samiha alikuwa ameshaondoka.

"Imekwisha," Zenon alisema, akipangusa uso kwa taulo la paczki. "Imekwisha, mama. Ondoa hofu."

Dorota alilichukua lile daftari mezani. Alikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka thelathini, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alichukua simu ya Zenon, akabonyeza jina la mwisho aliloongea nalo.

"Mkuu!" Rodney aliitikia. Sasa hakuwa akicheka. "Afadhali umepiga. Hivi, umewahi kusikia oveni ikinuka mkate unaoungua na haijawashwa? Na hii intaneti yangu..."

"Mimi ni mke wake," alisema Dorota. "Una watoto humo ndani?"

"Wawili. Kwa nini?"

"Wabebe. Usitafute viatu, usichukue kitu. Tokeni nje sasa hivi, na msirudi humo leo wala kesho."

"Dorota!" Zenon alimrukia. Mgongo ukamsaliti, akashika ukingo wa meza. "Dorota, hukusikia alivyosema? Akikuta nyumba tupu..."

"Nilisikia."

"Utaniua!"

Alimtazama mume aliyeishi naye miaka thelathini na nne, simu ikiwa bado sikioni. Mlango ulibamizwa kule Duluth, mtoto akalia kwa baridi, na mwanamume mzima akipumua kama aliyekimbizwa alisema, "Tumetoka, tumetoka, mama wee, madirisha yanafanya nini yale?"

"Endeleeni kutembea," Dorota alimwambia, akakata. Alivaa koti lake. Alitia daftari mfukoni.

"Ulikuwa na saa nzima ya kuondoa alama ile," alimwambia mumewe. "Wale hawakupata mtu wa kuwapigia simu."

Akatoka. Zenon alimfuata mpaka mlangoni, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa, na kitasa kilimchoma kiganja.

Bi Samiha alimfungulia Dorota bila kuuliza, akamsogezea kiti karibu na jiko la gesi. Mwalimu wa Saskatoon alipokea simu yake, akabisha, akatukana, kisha ghafla akawaita wanawe kwa majina. Dorota alingoja mpaka aliposikia theluji ikivunjika chini ya miguu yao ndipo akakata.

Ng'ambo ya uzio, mapazia ya nyumba yake yalianza kufungwa, chumba kimoja baada ya kingine, kutoka ghorofani kushuka chini. Kulikuwa na mtu anayepiga kioo cha jikoni kwa viganja vyote viwili. Kisha pazia la majogoo nalo likavutwa, polepole, na mkono ambao haukuwa wa Zenon.

"Shoga," alinong'ona Bi Samiha. "Usitazame."

"Sitazami," alisema Dorota. Alikuwa ameinamia daftari, kidole kwenye mstari wa tatu, na simu ya Tulsa ilikuwa inaita.