Nukta Nyekundu ya Kamenge

Sogeeni karibu, watu wa Buyenzi, na nyinyi wa Kamenge msijifanye hamkuwapo. Habari hii inamhusu kila mwenye simu mkononi na kidole chepesi.

Siku ya uchaguzi ilianza vizuri kabisa. Khadidja, mshona nguo wa hapa Buyenzi, alipiga kura mapema, akatoka kituoni na wino kidoleni huku akitabasamu. Foleni ilikuwa ndefu, lakini watu walikuwa wakitaniana na kupeana nafasi kivulini. Akasimama kando ya ukuta wa shule, akaandika kwenye simu: "Kituo kimefunguliwa. Watu wametulia." Haukupita muda, nukta ya kijani ikatokea kwenye ramani, pale pale aliposimama.

Ramani hiyo ilikuwa kazi ya kikundi cha raia wa kujitolea. Kiongozi wao alikuwa Valéry, mwalimu wa kompyuta, kijana mpole asiyependa utani katika jambo hili. Kila aliyejiandikisha alituma habari ya mtaa wake, na ramani ikaionyesha kwa rangi. Kijani ni utulivu. Njano ni tatizo lililosemwa na mtu mmoja tu, bado lasubiri. Nyekundu ni tatizo lililothibitishwa na mashahidi wawili. Siku ya mafunzo Valéry aliwaambia: "Mashahidi wawili, ni kusema macho ya batu wawili. Kama we hujaona, uliza. Kama huwezi kuuliza, nyamaza."

Sasa Khadidja, jamani, ni mdadisi wa kuzaliwa. Chungu kikianguka kwa jirani, yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama kilikuwa na maharage. Wala si kasoro hiyo. Ni udadisi huo uliompeleka kwenye mafunzo wakati wengine walibaki nyumbani kulalamika. Alishangaa mno kwamba akiwa amekaa Buyenzi anaweza kujua kituo cha Gatumba kimechelewa kufunguliwa, na kwamba Ruziba kuna foleni mpaka barabarani. Alikuwa akimwonyesha mumewe, Uthmani: "Angalia, bwana! Naona inchi nzima kama naona uwanja wa nyumba yetu."

Lakini aligundua jambo. Nukta ya kijani haisemwi na mtu. Ya nyekundu ndiyo inayozungumzwa, inanakiliwa, inatumwa huku na huku, na watu wanauliza nani kaileta. Khadidja hakuwa ameleta hata moja, na jambo hilo likaanza kumkera.

Asubuhi hiyo hiyo ukaja msiba. Bibi Sumaya, mzee aliyemfundisha Khadidja kushika sindano, alifariki hospitalini huko Kamenge, ukuta kwa ukuta na shule ya kupigia kura. Uthmani ni fundi wa magari, lakini lake mwenyewe lilikuwa limefunguliwa injini, kwa hiyo akaazima kamioneti ya mizigo ya rafiki yake. Kile kitambaa cha kijani cha kufunika jeneza kilikuwa kimefuliwa msikitini na bado kinachuruzika maji kwenye kamba. Basi akachukua shitingi lake la buluu la gereji, turubai la kufunikia magari, kwani vumbi la Juni mnalijua.

"Mi naenda chukua mwili," alimwambia mkewe. "Nyinyi wanawake muchemshe maji. Alasiri tunazika."

"Ego, ndiyo, bwana. Pole pole na barabara."

Khadidja alikuwa mmoja wa wanawake watakaomwosha marehemu. Alikaa uani kwenye mkeka, maji yanachemka, sanda imekwisha kukatwa, wenzake wanasoma dua kwa sauti ya chini. Na yeye? Simu mapajani! Msibani kwa mwalimu wake, ndugu zangu, na macho yake yako kwenye ramani.

Ndipo ukaingia ujumbe wa Daphrose, mfanyabiashara wa Kamenge waliyesoma naye mafunzo. Ilikuwa picha: kamioneti nyuma ya ukuta wa shule ya kupigia kura, wanaume wanapandisha sanduku refu lililofunikwa. Chini yake Daphrose ameandika: "Banaiba kura! Mi nimeshatuma, ni ya njano. Tuma na we, ili ikuwe mbili."

"Umeona na macho yako?" Khadidja akamwandikia.

"Nimepata mu groupe ya chorale yetu ya kanisa. Tuma haraka, itaondoka!"

Hapo ndipo pa kuuliza zaidi. Udadisi wake wote wa miaka yote ulihitajika dakika ile moja, nao ukamkimbia. Angempigia mumewe, aliye huko huko Kamenge. Angeipanua picha kwa vidole viwili tu. Hakufanya. Aliwaza nukta nyekundu, ya kwanza ya mji mzima siku hiyo, na yeye ni mwenye nayo. Akatuma.

Nukta ikawa nyekundu. Ramani ilihesabu mashahidi wawili, kumbe hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Khadidja akaona watu wanaanza kuinakili kwenye makundi yao, akafurahi. Ndiyo, alifurahi, nisimfichie.

Maji yalichemka, yakapoa, yakarudishwa jikoni. Mama mmoja mkubwa akauliza, "Mwili unachelewa wapi? Bwana yako anasema nini?"

Khadidja akampigia Uthmani. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, kimya. Wakati huo huo ikaingia picha nyingine kutoka Kamenge, na maneno: "Tumemukamata mwizi wa kura, anakataa kufungua!" Safari hii aliipanua. Shitingi la buluu. Na kwenye pembe ya shitingi, kiraka cha kitenge cha njano, kimeshonwa kwa mshono wa kurudi nyuma, ule aliofundishwa na Bibi Sumaya. Kiraka hicho alikishona yeye mwenyewe. Akairudia picha ya kwanza. Kiraka kilikuwemo tangu mwanzo.

"Yoo! Nimeua bwana yangu!" alipiga kelele mpaka dua ikakatika.

Alimpigia Valéry huku akivaa viatu. Valéry aliifuta nukta mara moja, lakini akamwambia ukweli: "Kwa ramani imetoka, maman. Kwa simu za batu siwezi kuitoa." Khadidja akakimbia barabarani, akapata teksi, na njia nzima aliomba Mungu kwa sauti mpaka dereva akaacha kumuuliza maswali.

Alikuta umati. Kioo cha mbele cha kamioneti kimevunjwa. Uthmani amesimama juu nyuma, mikono ameitandaza juu ya jeneza, damu inamtoka kwenye nyusi na kumwingia jichoni.

"Fungua!" walipaza sauti.

"Apana! Ndani kuko mama ya batu. Mwanaume asiye wake hamufunui. Muniue kwanza."

"Kama ni maiti, unaogopa nini?"

Hilo ndilo lililomponza. Angefungua mara moja, wangeona na kutawanyika. Lakini kwetu maiti ya mwanamke haifunuliwi mbele ya wanaume wa barabarani, hata kwa kutishwa. Kila alipokataa kwa heshima, wao walizidi kuamini kwamba anaficha kura.

Khadidja akapenya, akapanda kando ya mumewe. "Ni mi niliandika!" alilia. "Mi ndiye shahidi wenu! Sikuona kitu, nilitumiwa picha tu. Huyu ni bwana yangu, na huyu ni bibi yetu, tunaenda kumuzika!"

Mnadhani walimwamini? Kijana mmoja akacheka: "Asubuhi alikuwa mwizi, sasa ni bwana yako? Tuamini uongo gani?" Jiwe likagonga bodi ya gari. Khadidja alifuta machozi kwa ukaya wake, akasema: "Musiniamini. Muchague wanawake wawili, wenu wenyewe. Waone na macho yao."

Akajitokeza Médiatrice, muuza parachichi, rozari shingoni, na nyanya mmoja mwenye mkongojo. Wanawake wengine wakafungua vitenge vyao vya juu, wakavishika kuzunguka gari kama pazia. Wale wawili wakaingia chini ya shitingi. Waliporudi nje, Médiatrice alikuwa analia.

"Imana yanje, Mungu wangu. Ni mukecuru, bibi mzee. Amelala zake tu. Tumemuaibisha marehemu, batu ya Kamenge."

Kofia zikavuliwa. Aliyerusha jiwe hakujulikana tena, kama kawaida ya warusha mawe. Wanaume wengine walikuja kufagia vioo kwa mikono, wakimwambia Uthmani pole, na yeye akakaza shitingi juu ya jeneza.

Bibi Sumaya alizikwa jua likielekea kuzama badala ya Alasiri. Khadidja alimwosha huku akimwomba msamaha sikioni. Baadaye, nyusi ya Uthmani ikiwa imeshonwa, alimwambia mkewe neno moja tu: "Simu ilikuwa mu mufuko wangu. Ungenipigia kabla ya kutuma, ningekuambia niko na nani." Angempiga makofi, ingemuuma kidogo kuliko hivyo.

Mnadhani imeishia hapo? Mchana ule ule, mkulima wa Ruziba aitwaye Callixte alituma habari kwamba mlango wa kituo kimoja umefungwa watu wakiwa bado kwenye foleni, na mkewe ameachwa nje. Alikuwa amesimama hapo, ameona. Nukta yake ikawa ya njano, ikasubiri shahidi wa pili. Kwa kawaida Valéry angempigia mtu wa karibu aende kuangalia. Lakini saa ile alikuwa akijibu matusi ya nukta ya Kamenge. Kesho yake Valéry na wenzake walipokwenda Ruziba kuuliza, majirani waliwafungia milango: "Nukta zenu? Si ndizo za kufunua maiti?"

FUNZO

Mwenzangu, kuuliza si ubaya. Ubaya ni kuacha kuuliza pale penyewe panapotakiwa, kwa sababu jibu litakunyima sifa. Picha moja ikipita katika simu mia, bado ni jicho moja, na huenda ni jicho lililotazama vibaya. Kabla hujatuma, nenda ukaone, au piga simu. Usichokiona, kiache kibaki njano.

Na wewe unayefurahia ramani za raia zikichekwa, usifurahi. Tunazihitaji. Ndiyo maana uongo mdogo ndani yake ni dhambi kubwa: haumdhuru anayesingiziwa peke yake, unamziba mdomo na anayesema kweli. Fungueni ramani ya siku ile mwangalie Ruziba. Nukta ya Callixte ipo bado, ni ya njano, na mkewe hakupiga kura.