Mjusi wa Kwenye Boksi la Rasta

Kila siku akitoka shule, Constance hupitia saluni ya mama yake katika mji wa Queensburgh, ugenini walikohamia. Hufagia nywele, hupanga pakiti za rasta, kisha huketi kwenye kiti cha mwisho na kufanya kazi za shule. Ni msichana wa miaka kumi na moja, mchapakazi, ila mdomo wake huitangulia akili.

Juma moja mdomo ulimponza. Katika darasa la Kiswahili la Jumamosi, linalofanyika kanisani, kila mtoto alipewa mnyama wa kuwaeleza wenzake habari zake Jumamosi iliyofuata. Constance alipewa iguana wa Santa Fe, mjusi mkubwa wa rangi ya manjano iliyopauka, anayeishi kwenye kisiwa kimoja tu kidogo duniani, na ambaye yumo hatarini kutoweka. Alimpenda papo hapo, hasa aliposikia kwamba hula mipungate pamoja na miiba yake. Rafiki yake Melvin akamtania kwamba hakuna atakayeamini habari za mjusi wa mbali hivyo.

"Nitamuleta muzima," Constance akajibu kwa Kiswahili cha kwao. "Mjomba wangu iko naye."

Mjusi hakuwapo, na mjomba pia hakuwapo.

Jumatano alimwona kinyonga mdogo wa kijani kwenye vichaka nyuma ya saluni. Hakuzidi urefu wa kidole. Akamtia kwenye boksi tupu la rasta, akalitoboa matundu na kulificha chini ya kiti cha mwisho. Atasema ni mtoto wa iguana, nani atajua? Na kwa kuwa iguana hula mimea, akamwekea sombe, majani mabichi ya muhogo, kutoka kikapu cha mama yake.

Alhamisi kinyonga hakula. Ijumaa alikuwa amegeuka mweusi na mbavu zinahesabika. Constance akamwongezea sombe, akambembeleza ale. Moyo ulimuuma sana.

Alasiri hiyo Mwalimu Wangari wa darasa la Jumamosi, aliyekuwa akisomea mambo ya wanyama chuoni Westville, alikuja kusukwa. Akaketi kwenye kiti kilekile. Constance alifagia pale mara tatu. Akinyamaza, kesho atapigiwa makofi. Lakini je, kinyonga ataiona hiyo kesho?

"Mwalimu," alisema huku machozi yakimlengalenga, "iko kitu chini ya kiti. Nilidanganya, si iguana. Nisaidie, iko nakufa."

Boksi lilipofunuliwa, mteja mmoja alikimbilia mlangoni akiwa amesukwa upande mmoja tu.

"Kinyonga! Consta, unataka kutuletea mkosi?" Mama akapiga kelele, kitana mkononi.

Wangari hakushtuka. "Umempa nini?"

"Sombe."

Wangari alijikaza asicheke. "Huyu hula nzi na panzi, mpenzi. Umemshindisha njaa siku tatu."

Wakamrudisha kichakani. Constance akamnyunyizia maji kwa chupa ya kulowanishia nywele, na kinyonga akalamba matone polepole. Wakangoja. Nzi akatua karibu, ulimi ukafyatuka, nzi akatoweka. Constance alilia kwa furaha.

"Eish!" Mama akasema kutoka mlangoni. "Ile ulimi inapita ya wateja wangu!"

Kesho yake Constance alisimama mbele ya darasa mikono mitupu. Akaeleza habari za iguana, kisha akaeleza uongo wake wote, Melvin akimtazama. Hakuna aliyecheka.

"Njia ya mwongo ni fupi," Mwalimu Wangari akasema, "lakini hii ilikaribia kumfikisha kinyonga kaburini. Alipewa jina la mwingine, akapewa na chakula cha mwingine. Iguana ana kisiwa chake kimoja, na kinyonga wetu ana kichaka chake. Ukimpenda mnyama, sema ukweli wake: mjue ni nani, umwache kwao."

Jumatatu Constance aliikuta saluni haina mtu. Mama alikuwa nyuma, ameinama kichakani.

"Consta, kuya uone!" akanong'ona. "Leo amekula inzi mbili."