Gari Lililoongea na Mama

Shoga yangu mshonaji alikuwa na gari ambalo bluetooth yake ilishika simu na kuiachia ipendavyo. "Huyu fundi aliyenifungia redio kanichezea," aliniambia. "Nikimuuliza, anachekacheka tu." Akafuta simu zote zilizounganishwa na gari, akabakiza yake.

Mchana mmoja alikuwa kazini ghorofani, akiongea na mama yake, mara sauti ikapotea. Simu ilionyesha maongezi yamehamia garini. Lakini gari alilizima tangu asubuhi, kwenye maegesho chini ya jengo! Akashuka mbio.

Kule umeme ulikuwa umekatika, giza totoro. Ndani ya gari lililofungwa alimsikia mama yake akicheka, akinyamaza, akicheka tena, kama anayejibiwa. Kisha mama akasema, "Haya mwanangu, njoo basi. Mlango nimekuachia wazi."