Maziwa ya Lul Hayakatiki

Hawo aliuza maziwa ya ngamia katika mtaa wa Bulla Pesa, na kila siku wivu ulimkereketa. Jirani yake Lul aliuza maziwa hayo hayo. Yalitoka Burat kwa gari moja, katika mikebe iliyofanana. Lakini ikifika saa sita, ya Hawo yalianza kuchacha. Ya Lul yalikuwa bado matamu.

"Amefanya dawa huyu," Hawo alinung'unika.

Siku moja Gacheri, mwenye hoteli, alimjia akiwa amekunja uso.

"Hawo, hii maziwa yako imekatika kwa chai tena. Kesho ikiwa hivi, nitanunua kwa Lul."

Hawo alishtuka. Gacheri ndiye mteja wake mkubwa. Akimpoteza, watoto watakula nini?

Akaanza kumchungulia Lul. Akaona mkebe wake umevikwa gunia. Gunia likikauka, Lul alilimwagia maji.

Kesho yake Hawo naye akalowesha gunia, akauvika mkebe wake. Lakini aibu ikamshika. Lul asije akajua kwamba ameigwa! Akafunika kila kitu kwa karatasi ya nailoni, akakaza kamba.

Saa sita Gacheri akachemsha. Maziwa yakakatika. Gacheri akaenda kwa Lul.

Hawo akapandwa na hasira, akamfuata. "Lul! Unaniroga!"

Lul akaja mpaka kwenye mkebe wa Hawo, akafunua nailoni, akaona gunia. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Abaayo, dada yangu, mimi si mchawi. Lowesha mkono. Sasa puliza."

Hawo akapuliza. "Ni baridi!"

"Upepo unakausha maji, na maji ikikauka inaondoka na joto ya mkono. Hii ya gunia inaondoka na joto ya mkebe. Wewe umeifungia na nailoni. Itatoka wapi? Osha mkebe vizuri, weka kivulini penye upepo, usifunike gunia. Hata mimi nilifundishwa kwa semina ya kaunti."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Salamu yangu huitikii. Kuuliza si ujinga, abaayo."

Hawo aliona haya, lakini alifanya vile vile alivyoambiwa. Kesho yake saa sita alimpelekea Gacheri maziwa, akasimama pale jikoni, roho mkononi. Maziwa yakachemka, yakafura. Hayakukatika. Gacheri akaonja chai.

"Hii ni sawa kabisa. Kuanzia leo nitanunua kwenu wote wawili."

Hawo alifurahi, ingawa hilo la "wote wawili" lilimchoma kidogo. Akarudi kwenye kibaraza walipouzia, akaweka mkebe wake karibu na wa Lul. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa Lul, na Lul ni mwanamke mwenye mwili.

"Salaam aleikum, Lul," akasema Hawo. "Hebu sogea kidogo. Unanizibia upepo."