Kanda ya Fainali

Prado nyeusi ilikuwa nyuma yake tangu mzunguko wa kwanza, wala haikujaribu kujificha.

Sindano aliitazama kwenye kioo cha pikipiki. Vioo vya giza. Namba za bandia. Magari ya Idara aliyajua vizuri, maana ameyapanda miaka yote ya kazi yake ya ujasusi. Waliokuwa wakimfukuza walikuwa wenzake.

Akaongeza mafuta. Honda ikanguruma.

Asubuhi hiyo alikuwa bado mtumishi mtiifu. Simu ya kazi ililia, na Mkuu wa Idara akatoa amri kwa maneno mawili.

"Ilete. Usiitazame."

Kilichotakiwa kilikuwa kanda ya video ya harusi ya dada yake. Mkuu alidai kwamba miongoni mwa wageni wa siku ile mna sura ya mgeni kutoka nje, mwingiza silaha hatari, na kwamba Idara inaihitaji haraka. Sindano hakuuliza. Alikwenda kwa mama yake, akafungua kabati, akachukua kanda iliyoandikwa HARUSI na kumkabidhi dereva wa Mkuu nyuma ya gereji moja. Yule dereva aliitupa kwenye pipa la taka lililokuwa likiwaka, akasimama pale mpaka plastiki yote ikayeyuka.

Harusi ya dada yake wa pekee. Wameichoma kama takataka.

Damu ilimchemka. Alimwita Mkuu redioni kuuliza maana yake nini, akajibiwa kwamba kazi imekwisha, aende akapumzike. Sura ya adui inatafutwa, halafu ikipatikana inachomwa moto? Hata mtoto wa chekechea angeona kuna uongo hapo.

Akampigia mama yake kumwomba radhi. Kwa simu ile ile ya kazi.

Mama alicheka kicheko cha hasira. Akamwambia kwamba kilichoungua ni mechi ya mpira. Baba yake Sindano, alisema, alikuwa mgonjwa wa mpira. Kanda yoyote aliyoikuta kwenye deki aliirekodia mechi: mahafali ya mtoto, siku ya kuzaliwa, yeye hakujali. Kitu pekee ambacho mwanamume yule hakukifuta katika nyumba yake kilikuwa mpira. Basi mama akabadilisha karatasi. Harusi akaibandika FAINALI, na fainali akaibandika HARUSI. Haikupita wiki, baba mtu akarekodi mechi nyingine juu ya ile aliyodhani ni harusi, akaifuta fainali yake mwenyewe kwa mkono wake. Mama alikaa kimya, na mpaka leo hajamsamehe.

Sindano alikata simu akitabasamu. Tabasamu lilimkauka pale pale. Simu za Idara zilisikilizwa, na aliyezisikiliza alikuwa Mkuu peke yake.

Ndipo Prado ikatokea.

Sasa alikuwa akikimbia kuwahi nyumbani, maana kanda ya kweli ilikuwa kabatini, na mama alikuwa peke yake. Alikata kona ya ghafla, akaingia kwenye kichochoro cha mafundi seremala. Mbao kulia, mbao kushoto. Prado ikafunga breki kwa kelele mdomoni mwa kichochoro, ikabaki ikipiga honi za bure.

Amepata nafasi. Ndogo, lakini ameipata.

Mama alimpokea mlangoni tayari na maneno, akitaka kujua ni nani aliyemruhusu kugusa kabati lake. Sindano alimpita, akaburuta deki ya Panasonic kutoka chini ya meza na kuipangusa vumbi. Akasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Akatoa laptopu na kifaa kidogo cha kuhamishia picha, akachomeka waya wa manjano, mweupe na mwekundu. Akaisukuma kanda ndani.

Picha ikayumba, ikapanda, ikashuka. Halafu dada yake akatokea kwenye kioo cha kompyuta, msichana mwembamba mwenye shela, akicheka.

Mama akasahau hasira akaketi.

Ubaya wa kazi ile ni kwamba haiharakishwi. Faili unalinakili kufumba na kufumbua. Kanda ya zamani inacheza kwa mwendo wake, na ukiikimbiza, unachoruka hakiingii kwenye kompyuta. Sindano alikuwa na Glock kiunoni na watu wenye bunduki njiani, na hapo hapo ilimbidi akae amtazame shangazi yake akikata mauno.

Mama alieleza kila sura. Yule alikuwa jirani, hayupo tena. Yule aliondoka na sahani mbili. Kisha picha ikatulia juu ya viti vitupu. Siku ile kamera ilikuwa mkononi mwa mjomba, naye alikwenda kula akaiacha mezani, inaendelea kurekodi.

"Hapo kimbiza," alisema mama. "Ni viti tu. Sisi hapo hukimbiza siku zote."

Safari hii haikuwezekana kukimbiza. Wakatazama viti.

Kwenye kiti kimoja lilining'inia koti la baba. Baba alikuwa ofisa wa forodha, na siku ile alitoka zamu moja kwa moja akaingia harusini. Mfukoni mwa koti lilichungulia koleo lake la lakiri, lile la kufungia kontena likishakaguliwa, lenye namba yake peke yake.

Mtu akaingia kwenye picha. Kijana, nywele bado nyeusi, suti nzuri. Akatazama huku na huku. Akachomoa koleo mfukoni mwa koti, akampa mgeni mrefu mweupe, ambaye alilizungushia kitambaa cha meza na kuondoka nalo.

Yule kijana alikuwa Mkuu.

Baada ya harusi ile, kontena la bunduki lilikamatwa likiwa na lakiri ya baba. Baba aliapa kwamba koleo lake liliibwa, na hakuna aliyemwamini. Yuko gerezani hadi leo. Na Mkuu, rafiki wa baba, mtu ambaye Sindano alimwita baba mdogo, ndiye aliyemfuta machozi. Ndiye aliyemwingiza Idara. Ndiye aliyemshauri, kwa upole kabisa, asiende kumwona mzee gerezani, asije akaharibu kazi yake.

Naye alitii. Miaka yote alitii.

"Alikuwa akila hapa," mama alisema polepole. "Nilimpakulia kwa mkono huu."

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake. Wiki iliyopita dada yake aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba anataka kanda ya harusi itiwe kwenye kompyuta, maana miaka inakwenda. Mkuu naye yumo kwenye kundi hilo, tena ndiye wa kwanza kutuma maua kila asubuhi. Bila shaka siku ile aliiona kamera pale mezani akiwa ameshachelewa. Na yule mgeni mrefu? Sindano alimwona juzi bandarini, kazeeka, Mkuu akimtambulisha kama mshauri. Alasiri ya leo kontena la mshauri lilikuwa litoke bila kukaguliwa, kwa saini ya Mkuu.

Breki zikalia nje. Prado.

Mama akainuka. Akasema yeye atazungumza nao, akajifunga kanga kiunoni na kutoka. Sindano alimsikia getini akiwauliza wamelelewa wapi, mtu mzima anagongewa hivyo, na vitambulisho viko wapi, hicho hakisomeki, lete kingine.

Akaikata sehemu ile ya viti ikawa video fupi. Sasa aitume wapi? Mitambo ya Idara ilikuwa mikononi mwa Mkuu. Polisi wangeuliza barua. Akatazama simu yake binafsi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafurahi kuwa na shangazi wengi.

Akaituma kwenye kundi la ukoo. Chini yake akaandika: *Tazameni nani aliiba koleo la baba.*

Mlango ukapigwa teke.

Wa kwanza aliingia kwa pupa, akakutana na kiwiko cha shingo, akalala juu ya zulia. Wa pili alikuwa yule dereva wa pipa la moto. Bastola yake na ya Sindano zikatazamana.

Sindano aliigeuza laptopu kwa mkono wa kushoto.

"Itazame. Ukimaliza, piga kama bado unataka kupiga."

Dereva akatazama. Uso wake ulibadilika taratibu. Akashusha mkono, akaketi kwenye kochi bila kukaribishwa.

Redio mfukoni mwake ikakwaruza. Sauti ya Mkuu.

"Mmeipata?"

Sindano akaichukua.

"Tumeipata."

"Ichome."

"Haichomeki tena, baba mdogo. Iko kwa mashangazi."

Na kweli ilikuwa kwao. Shangazi mkubwa aliituma kwa kikundi chake cha akina mama. Wa pili aliituma kwa majirani wote wa zamani, wale walioacha kuisalimia nyumba ile. Binamu akaipandisha mtandaoni. Mkuu alikuwa na uwezo wa kuzima mitambo ya nchi nzima, lakini hajazaliwa mtu wa kumnyamazisha shangazi mwenye bando.

Sindano alipofika bandarini, kamanda wa polisi wa pale alikuwa amesimama mbele ya kontena, simu mkononi. Mke wake alikuwa ameshamtumia video ile, akimwuliza kama huyu si yule mkubwa wanayemwona kwenye televisheni. Kamanda alikata lakiri mbele ya mashahidi. Vigae vya sakafu, katoni kwa katoni. Nyuma ya vigae, masanduku. Ndani ya masanduku, bunduki zikiwa bado na grisi.

Mgeni mrefu alipeleka mkono kotini. Sindano akampiga risasi ya bega. Moja ilitosha.

Mkuu hakukimbia. Alisimama kando ya gari lake akajaribu ile sauti yake ya upole.

"Mwanangu. Mimi ndiye niliyekulea."

Sindano alimkaribia mpaka akasikia harufu ya manukato yake. Kwa muda alitamani angekuwa mtu asiyefuata sheria.

"Ulininyang'anya baba," alisema. "Usiniite mwanao."

Akamfunga pingu mwenyewe, akazibana kupita kiasi kinachohitajika, akamsukumia kwa kamanda.

Idara ilimwita arudi. Naibu wa Mkuu alikuwa kwenye simu ya kazi, akitaka taarifa, akizungumzia cheo. Sindano aliondoa laini ya Idara kwenye simu, akaidondosha majini, akavaa helmeti. Pikipiki ilipita kati ya magari ya polisi kwa mwendo wa kawaida.

Muda wa kutembelea wafungwa ulikuwa karibu kwisha. Askari wa lango la gereza alikuwa tayari ameshika funguo, akamtazama kwa uchovu. Mzee huyo, alisema, siku zote humjia mke wake peke yake. Wewe ni nani wake?

Swali hilo alikuwa amelikwepa kazini, mtaani, kwenye kila fomu aliyojaza.

"Mimi ni binti yake," alisema. "Nimechelewa. Fungua."